Feni ya rejeta imenisimamisha Kitonga, kumbe kiwanda kiliyaita magari haya. Nani atanitengenezea?

MshonaSare_Mbezi

Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa na uchungu, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu ili anayejua anisaidie.

Nina gari dogo la Kijapani, hachibeki, cc 1300, la mwaka 2011. Niliagiza mwaka 2021 likiwa na kilomita 78,000, sasa lina 131,000. Mimi nashona sare za shule. Gari hili ndilo linatoa vitambaa Kariakoo, na ndilo linapeleka mzigo kwa wateja. Kila Januari nina shule mbili Iringa. Mwaka huu tulitoka Mbezi saa kumi alfajiri na sare 140, mifuko imejaa hadi kiti cha mbele, mdogo wangu kabanwa nyuma.

Hadi Mikumi hakuna shida yoyote. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, joto la kule mnalijua, nikaacha injini inanguruma na AC imewashwa kwa ajili ya mdogo wangu. Niliporudi akaniambia, "Dada, hii AC inatoa joto." Nikamjibu tukianza kutembea itapoa. Na kweli, tulivyoanza kutembea ikapoa, nikasahau.

Kitonga tukakuta lori limekwama kwenye kona, foleni imeshuka mpaka chini. Tunasogea hatua mbili tunasimama, hatua mbili tunasimama, karibu dakika arobaini. Gari hili halina geji ya temperecha. Lina taa ya bluu likiwa la baridi na taa nyekundu likichemsha, basi, katikati hapo hujui chochote. Nyekundu iliwaka, na kabla sijapata pa kujibanza mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikazima. Utingo wa lori la nyuma yetu alikuja mbio na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi, akaniambia, "Mama, usiguse kifuniko cha rejeta, kitakubabua uso." Tulikaa pale saa moja na nusu, mdogo wangu kashika vitunguu mapajani, malori yanapita yanatunguruma pembeni yetu. Sitasahau.

Fundi alitoka Ilula kwa bodaboda. Akakuta feni haizunguki. Plagi ya feni, ile ya plastiki nyeupe, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi na pini moja imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Akaikata, akavuta waya kutoka kwenye betri, akanifungia swichi chini ya dashibodi. Feni ikazunguka. Elfu sitini. Tukafika Iringa usiku, mzigo ukashuka, nikamshukuru Mungu.

Sasa tangu nirudi Dar, barabara ikiwa wazi gari halina neno. Likikaa foleni, Kimara hapo au Ubungo, taa nyekundu inawaka tena, na feni naisikia kabisa inaunguruma! Nimeshaongeza maji na kulanti, hakuna panapovuja.

La pili ndilo linaniuma zaidi. Binti yangu katafuta mtandaoni akakuta kiwanda kiliwahi kutangaza kule Japan kwamba mota ya feni ya gari la aina yangu, la miaka hiyohiyo, inaweza kukwama na plagi yake kuyeyuka, na wenye magari wayarudishe wabadilishiwe bure. Wenyewe wanaita rikoli. Yaani ugonjwa wangu wameueleza neno kwa neno! Nikaenda kwa wakala wa chapa hii hapa mjini, jina silitaji. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima zake, akaingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta, mfumo ukaikataa. Namba yangu ni herufi chache, kistari, halafu tarakimu saba. Mfumo wake unataka herufi na tarakimu kumi na saba. Akaenda ndani, akarudi: "Mama, gari hili hatukuliuza sisi." Feni mpya shilingi 1,150,000, nisubiri wiki sita.

Kwa hiyo naomba msaada. Kwa nini linachemsha na feni inazunguka? Na hiyo rikoli, gari likishavuka bahari, deni la kiwanda linafutika? Mlangoni kwa dereva kuna kibandiko kidogo cha Kijapani chenye namba, aliyeniagizia gari aliwahi kuniambia maana yake ni kwamba "limeshafanyiwa." Kama limeshafanyiwa, mbona plagi imeyeyuka?

---

Kibao_Kata

Pole dada. Toa themostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, tupa, feni iache dairekti, ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri. Hali ya hewa yetu haihitaji themostati, hiyo ni ya wazungu wa baridi. Yangu ina miaka sita hivyo.

---

FundiGerezani

Dada pole kwa safari, na yule utingo ni mtu mzuri sana. Kifuniko cha rejeta ya moto kinashikilia mgandamizo, ukikifungua maji yanaruka yakiwa yamepita kiwango cha kuchemka. Nimewahi kumfunga bandeji kijana wangu wa gereji kwa sababu hiyohiyo. Na hukumwagia injini maji baridi, hapo pia uliokoa silinda hedi. Zile ni aluminiamu, ukizishtua zinapinda au zinapasuka.

Kwanza nikueleze ulichokiona Ruaha Mbuyuni, maana wengi hawakijui. AC ikipoa ukiwa kwenye mwendo na kutoa joto ukisimama, mara nyingi ni feni. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC. Ukitembea, upepo wa barabarani unaipoza. Ukisimama, feni ndiyo upepo wako peke yake. Mota ilikuwa imeshasimama kabla hujaanza kupanda Kitonga.

Sasa hili la kuchemsha huku feni inazunguka. Fanya kipimo kimoja kabla hujampa mtu hela. Washa gari, washa ile swichi ya feni, chukua karatasi nyepesi, isogeze mbele ya grili, upande wa nje, usiingize mkono ndani. Karatasi ikivutwa ikabanwa kwenye grili, feni iko sawa. Karatasi ikisukumwa inakuja kwako, feni inazunguka kinyume. Mota hizi zina waya mbili tu, ukigeuza chanya na hasi inazunguka vilevile, inapiga kelele vilevile, lakini badala ya kuvuta upepo wa nje inasukuma joto la injini kwenda mbele. Aliyekata plagi barabarani, na mistari ya rangi ya waya imeungua, ni rahisi sana kukosea. Simlaumu.

Kibao_Kata, ndugu yangu, naomba tusishauriane hivyo. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi ili injini ifike joto lake la kazi na kukaa hapo. Ukiitoa, ukiwa kasi injini inakuwa baridi, kompyuta inaendelea kudhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inamwaga petroli zaidi. Utaona kwenye matumizi na kwenye plagi za injini, zitakuwa nyeusi. Na feni ya dairekti bila fyuzi na bila rilei, ile swichi ya umeme inayoongozwa na kompyuta, ni waya wa moto unaopita karibu na petroli. Feni kama hizi zinakula ampia kumi na kuendelea, mota ikichoka zinapanda. Ukichunguza utakuta ni hizo ampia zilizopikia plagi ya dada.

---

MshonaSare_Mbezi

Fundi, nimetoka uani sasa hivi. Sikuwa na karatasi nyingine, nikakata kipande cha karatasi ya patani, ile laini ya kuchorea. Nimeisogeza kwenye grili ikaruka ikanipiga mkononi. Nikarudia, ikaruka tena mpaka kwenye ndoo. Na upepo wenyewe ni wa moto! Binti yangu amerekodi.

Kwa hiyo wiki mbili hizi nimetembea na feni inayolipika gari langu.

---

FundiGerezani

Ndiyo hivyo. Usilitembeze kwenye foleni hadi waya zigeuzwe. Lakini usiishie kugeuza waya. Hiyo mota yenyewe ni mgonjwa, iliyeyusha plagi ya kwanza, itayeyusha na ya pili. Akija fundi, aizungushe kwa mkono gari likiwa limezimwa na terminali ya betri imetolewa. Mota nzima inazunguka laini. Yako naamini utaisikia inakwaruza, au inaganda mahali. Kaboni za ndani, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zikiisha au maji yakiingia kwenye beringi, mota inahangaika, inavuta umeme mwingi, plagi inaungua.

Tafuta mota au feni nzima ya mtumba, Gerezani au Shauri Moyo utapata, ijaribiwe kwa betri mbele yako. Plagi mpya iungwe kwa kulehemu risasi, isifungwe tepu tu. Kisha mrudishe umeme wa feni kwenye njia yake ya kiwandani: fyuzi, rilei, kompyuta. Swichi ya chini ya dashibodi itolewe. Jaribio: washa AC, feni iwake yenyewe. Zima AC, liache linguruma. Kwenye nyuzi tisini na kitu feni iwake, lipoe, izime, iwake tena. Na kwa kuwa gari lako halina geji, nunua kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, utasoma joto kwenye simu kwa namba. Taa nyekundu inakuambia mambo yakiwa yameshaharibika.

Angalia pia mafuta ya injini kwenye dipstiki na chini ya kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya maziwa, au asubuhi ekzosi inatoa moshi mweupe mzito na maji yanapungua bila kuvuja, gaskiti ya hedi imeondoka. Niambie.

---

Msafiri_ThikaRoad

Dada, salamu kutoka Nairobi. Hiyo story yako ya wakala naijua. Gari yangu ilikuja kutoka Japani, wakati huo ikiwa na miaka saba, ndani ya ile sheria yetu ya miaka minane. Ilikuja na cheti cha ukaguzi, imepimwa breki, taa, hata mionzi. Nikadhani basi, imekaguliwa, imemaliza. Mwaka uliofuata ndio nikajua mfuko wa hewa wa mbele ni wa Takata, ile kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mifuko ya hewa yenye kasoro.

Hiyo ya Takata ilikuwa kubwa mno. Marekani peke yake mifuko kama milioni 67 iliitwa, na kampuni yenyewe ikafilisika Juni 2017. Kile kichupa kinachojaza mfuko kinaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, siku ya ajali kinapasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu! Hebu fikiria Mombasa.

Nilienda kwa dealer mara tatu. Mara ya kwanza, "hatukuuza hii gari." Mara ya pili, niandike email. Mara ya tatu nilibeba makaratasi ya kiwanda yenye frame number yangu, nikaketi hapo reception mpaka meneja akatoka. Nilibadilishiwa bila malipo. Ilichukua miezi minne. Kwa hivyo si kweli kwamba haiwezekani, lakini pia hakuna mtu atakutafuta. Wewe ndiye utawatafuta, na utaenda na karatasi mkononi.

---

Mtanzania_Nagoya

Dada shikamoo kama ni mkubwa wangu. Niko huku Japan, nafanya kazi yadi ya magari ya kusafirisha nje, haya makaratasi yanapita mikononi mwangu kila siku. Nikufafanulie maana hilo la kibandiko limewachanganya watu wengi.

Huku utaratibu wa rikoli upo tangu 1969 na kuna ngazi tatu. Ya juu ni rikoli yenyewe: gari halikidhi viwango vya usalama, kiwanda kinapeleka taarifa wizarani. Ya pili wanaita *kaizen taisaku*, viwango havijavunjwa lakini kuna hatari. Ya tatu ni kampeni ya huduma, mambo ya ubora tu. Zote zinatengenezwa bure. Kiwanda kinamwandikia barua mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili wa gari. Mtu, dada, si gari. Gari likifutwa usajili ili lisafirishwe nje, hilo jina linatoka. Rikoli ikitangazwa baada ya hapo, barua haina pa kwenda.

Kibandiko ni cha kweli, hakuna aliyekudanganya kuhusu hilo. Baada ya kutengeneza, wanabandika kile kibandiko karibu na komeo la mlango wa dereva. Lakini namba iliyo juu yake ni namba ya rikoli moja. Hakisemi gari limemaliza madeni yote, kinasema namba hiyo imefanyiwa. Kila rikoli na kibandiko chake.

Na ile namba yako fupi haina kasoro. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan yana namba ya fremu ya namna hiyo, si ile ya herufi na tarakimu kumi na saba. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Marekani au mfumo wa wakala unaosubiri kumi na saba, itakataa hata kama gari lina rikoli kumi. Unatakiwa uiingize kwenye ukurasa wa Kijapani wa kiwanda chenyewe, herufi kwenye kisanduku cha kwanza, tarakimu kwenye cha pili. Usiiweke hapa hadharani. Nitumie faragha pamoja na namba ya kwenye kibandiko, nikuangalizie.

---

Mtanzania_Nagoya

Nimeangalia. Gari lako lina mambo mawili.

La kwanza ni mfuko wa hewa wa abiria. Limefanyiwa, na namba inalingana na kibandiko chako. Mmiliki wa huku hakuwa na namna ya kulikwepa: tangu Mei 2018 magari yenye mifuko ya Takata ya aina hatari ambayo hayajatengenezwa yalianza kunyimwa *shaken*, ule ukaguzi wa kila baada ya miaka miwili, na bila huo gari haliruhusiwi barabarani.

La pili ni mota ya feni ya rejeta. Bado halijafanyiwa. Tarehe ya tangazo ni miezi kumi na nne baada ya tarehe ya kufutwa usajili iliyo kwenye hati yako ya kusafirisha gari. Wakati kiwanda kinaandika barua, gari lilikuwa kwako tayari. Nimekupigia picha ya ukurasa na kukuwekea tafsiri ya Kiswahili na Kiingereza chini yake. Ichapishe.

---

MshonaSare_Mbezi

Marahaba mdogo wangu, Mungu akubariki. Nimesoma tafsiri yako mara tatu, nimemsomea na mume wangu.

Naomba niseme lililo moyoni. Miezi kumi na minne. Kiwanda kilikaa, kikachunguza mota, kikajua inakwama, kikajua plagi inayeyuka, kikatenga fedha, kikachapisha barua na kuweka stempu. Mtu wa Nagoya au Osaka alipokea barua, akapeleka gari lake, akanywa chai kwenye ukumbi wa kusubiria, akarudi nyumbani na mota mpya. Gari pacha la hilo, lililotoka mstari uleule wa kiwanda, labda wiki ileile, liko Mbezi, na mota ileile mbovu, na anayeliendesha hana habari. Nililipa ushuru halali wa gari hili. Lina kadi yenye jina langu na simu yangu. TRA wananijua, bima wananijua, trafiki wananijua. Ni aliyeitengeneza mota peke yake ndiye hanijui, na hakuna anayemlazimisha anijue.

Na msiniambie nilinunua mtumba kwa hiyo nivumilie. Uchakavu nauvumilia. Nimebadilisha bushi, shokapu, breki, sijamlalamikia mtu. Hii mota haikuchakaa kwangu, ilitoka kiwandani na kasoro na wameandika hivyo wenyewe kwa mkono wao.

Nimerudi kwa wakala na ile karatasi. Nilimkuta kijana yuleyule. Aliisoma yote, nikaona uso wake unabadilika. Akampigia mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasema anaelewa, lakini kiwanda huwa kinawalipa kwa magari waliyouza wao tu, akanipa anwani ya barua pepe ya huduma kwa wateja Japan. Nimeandika. Jibu limekuja baada ya siku tano, la adabu sana: wanasikitika kwa usumbufu, tafadhali peleka gari kwa wakala wa nchini mwako.

---

Mbezi_Durban

Dada wa Mbezi, jirani yangu wa zamani, niko Durban miaka kumi na moja sasa. Nikuongezee kitu, maana huku tuliona hali ilivyo hata pale ambapo gari limenunuliwa jipya dukani.

Zile Ford Kuga za injini ya 1.6 zilikuwa zinachemsha, hedi inapasuka, oili inavuja juu ya vyuma vya moto, gari linawaka. Watu walikuwa wanaweka picha za magari yao yakiwaka pembeni ya barabara kuu kwa miezi mingi. Ni Januari 2017 ndipo Ford wakatangaza kuziita Kuga 4,556 za 2012 hadi 2014, baada ya Tume ya Taifa ya Walaji ya huku kuwabana. Hapo kila gari lilikuwa na risiti, kila mwenye gari ana anwani, na bado ilibidi watu wapige kelele kwa pamoja.

Kwa hiyo usiende peke yako. Hapo Dar tu mko wangapi wenye gari hilo? Ungeni kundi, kila mmoja na namba yake ya chesisi na picha ya plagi yake. Tanzania kuna FCC, Tume ya Ushindani, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inagusa usalama wa bidhaa kwa mlaji. Barua moja ya mshonaji ni rahisi kuwekwa kwenye faili. Barua yenye magari thelathini na picha thelathini za plagi zilizoungua, hiyo lazima mtu aisome.

---

Kibao_Kata

Dada, nimesoma yote. Nimefanya kipimo cha karatasi kwangu, feni inavuta vizuri. Lakini nimeangalia plagi zangu za injini, ni nyeusi kama mkaa. Fundi Gerezani, themostati ya nyuzi 82 naweza kuipata hapohapo kwenu?

---

FundiGerezani

Unaipata ndugu yangu, njoo na namba ya injini. Usichukue ya kubahatisha, na mpira wake uwe mpya.

---

MshonaSare_Mbezi

Wakuu narudi na mrejesho.

Fundi Gerezani, nilikuja kwenu Jumamosi, kijana wako akanipokea. Tuliizungusha feni ya zamani kwa mkono kama ulivyosema. Robo tatu ya mzunguko inakwenda, kisha inaganda, ukiilazimisha inakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Alipoifungua mota, maji ya kutu yalitoka, na kaboni moja ilibaki kipande kidogo kama punje ya mchele. Ninayo kwenye kopo la vifungo, sitaitupa. Ni ushahidi wangu.

Feni ya mtumba 140,000, plagi na ufundi 45,000, rilei mpya 15,000, kidude cha Bluetooth 20,000. Swichi ya chini ya dashibodi imetolewa. Oili iko safi, hakuna maziwa, gaskiti imepona. Jumatatu jioni nililipeleka makusudi kwenye foleni, Ubungo hadi Kimara Mwisho, simu iko mbele yangu inasoma namba. 88, 91, 94, 96, feni ikawaka yenyewe, nikaona inarudi 95, 93, 91, ikazima. Nilihesabu mara saba hadi Kimara. Kisha nikawasha AC, nayo ikatoa baridi.

Barua ya FCC nimeiandika, Mtanzania wa Nagoya amenisaidia viambatisho. Jirani wa Durban, nimekusikiliza, sijaipeleka peke yangu. Tumefika tisa. Mwenye hachibeki ya cc 1300 ya miaka hiyo aniandikie faragha nimtajie chapa, hapa sitaiandika mpaka FCC wapokee.

Wa tisa ni kijana wa mtaa wangu, ana gari kama langu, anafanyia teksi ya mtandaoni, anapakia abiria kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku. Jana tulifungua boneti yake kwa tochi ya simu. Plagi ya feni upande mmoja bado ni nyeupe. Upande wa pili imeanza kuwa kahawia, na ukiishika ina joto kuliko bomba la rejeta lililo pembeni yake. Nikampa karatasi ya patani, ikavutwa ikabana vizuri, kwa hiyo bado inafanya kazi. Amelilaza uani kwangu, kesho saa mbili tunakwenda wote Gerezani.